Nani Ana Neno la Mwisho? Somo Juu ya Mafundi wa Programu Huria na Namna Wanavyojitawala



Somo letu safari hii linahusu watu ambao hawachumi chai, hawakati miwa wala hawasimami mbele ya mashine za kusokota nyuzi. Ni mafundi wanaoandika programu za kompyuta na kuzitoa wazi kwa ulimwengu mzima. Tumewachagua kwa sababu moja. Mafundi hawa hufanya kazi pamoja kwa mamia na maelfu, kila mmoja katika nchi yake, bila bwana mmoja aliyewaajiri wote. Kwa hiyo imewabidi wajiulize swali lile lile linalotusumbua katika matawi yetu: tukishindwa kukubaliana, nani ana neno la mwisho, na neno hilo amepewa na nani?

Kazi yao haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Simu za Android ambazo wengi wetu hutumia kupokea mshahara na kutuma fedha nyumbani zinaendeshwa na Linux, na Linux ni kazi ya mafundi wa namna hiyo. Hali kadhalika kompyuta nyingi zinazohudumia intaneti.

Kwanza tuelewane maneno. Programu ni orodha ndefu ya maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Fundi huyaandika maagizo hayo kwa namna ambayo fundi mwenzake anaweza kuyasoma na kuyasahihisha. Kampuni nyingi huyaficha maandishi hayo, kama mganga anayekuuzia dawa katika chupa lakini mzizi wenyewe hakuonyeshi. Programu huria ni kinyume cha hayo. Maandishi yake yako wazi, na pamoja nayo kuna leseni, yaani hati ya ruhusa, isemayo kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kumpa mwingine. Leseni moja mashuhuri, iitwayo GPL, ilitolewa mwaka 1989. Hiyo inaongeza sharti moja zito: ukiibadilisha programu kisha ukaigawa kwa watu, nawe huna budi kutoa maandishi yako kwa masharti yale yale. Hairuhusiwi kuchota katika kisima cha wote halafu ukajenga ukuta kukizunguka.

Hapo ndipo wengi hukosea. Husema, kama kazi ni ya wote basi haina mtawala. Sivyo. Maandishi yanaweza kunakiliwa mara elfu, lakini kuna vitu vitatu visivyonakiliwa: ufunguo wa ghala linamotunzwa nakala rasmi, jina ambalo watu wamelizoea na kuliamini, na fedha. Mwenye kushika vitu hivyo ndiye anayeamua mchango wa nani upokelewe na wa nani urudishwe. Fundi yeyote anaweza kuleta marekebisho yake, kama vile mwanachama yeyote anavyoweza kunyoosha mkono mkutanoni. Kusikilizwa ni jambo jingine.

JINA LA KISWAHILI

Tuanze na mfano ambao jina lake limetoka katika lugha yetu. Mwaka 2000, katika mji wa Melbourne, Australia, kampuni iitwayo Miro ilianza kutengeneza programu ya kutayarisha na kupanga kurasa za intaneti. Programu hiyo iliitwa Mambo. Mwaka 2001 kampuni iliitoa wazi kwa leseni ya GPL. Mafundi wa nchi nyingi wakajiunga, wakaongeza hiki na kurekebisha kile, na baada ya miaka michache Mambo ikawa na watumiaji wengi sana. Haki isemwe: aliyeipanda mbegu ni kampuni, na aliitoa kwa hiari yake. Lakini waliopalilia na kuvuna walikuwa wengi kuliko aliyepanda, na mwaka 2005 swali la uongozi likazuka. Mwezi wa Agosti mwaka huo iliundwa taasisi ya kuisimamia Mambo. Mafundi wakuu walilalamika kwamba taasisi hiyo imeundwa bila kujali hoja zao, wao ambao ndio wafanyao kazi.

Tarehe 17 Agosti 2005 mafundi hao waliondoka kwa pamoja, wakaandika barua ya wazi kueleza sababu zao. Walichukua nini? Walichukua maandishi yote ya programu, kwani leseni iliwaruhusu. Hawakuchukua jina, kwa kuwa jina la Mambo halikuwa lao. Tarehe 1 Septemba wakatangaza jina jipya: Joomla. Ni neno letu "jumla", limeandikwa kwa tahajia ya kumsaidia Mwingereza alitamke, nao walilichagua kwa maana ya "wote kwa pamoja". (Sisi wengine tunalijua zaidi dukani, bei ya jumla na bei ya rejareja, lakini tusiwanyime furaha yao.) Mwezi huo huo wa Septemba wakatoa programu yao ya kwanza kwa jina hilo, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ni Mambo ile ile iliyobadilishwa jina na kusahihishwa makosa. Safari hii hawakusahau somo. Waliunda chama kisicho cha faida, Open Source Matters, kilichoandikishwa New York, ili jina na fedha visiwe mikononi mwa mtu mmoja wala kampuni moja. Watumiaji wakawafuata. Mambo ikafifia polepole. Joomla ipo mpaka leo.

Tulitazame jambo hili kwa macho ya mfanyakazi. Mtu wa kiwandani akigoma au akiacha kazi, mashine hubaki kwa tajiri. Mchumaji wa chai akiondoka, michai hubaki shambani. Mafundi hawa waliondoka na mashine yao, na wakati huo huo wakamwachia mwenye kampuni nakala nzima kama ilivyokuwa. Hakupoteza hata msumari mmoja. Alichopoteza ni mikono ya watu, na ikadhihirika kwamba bila mikono ile mashine haiendi.

Haki hii ya kujitenga ndiyo silaha kubwa ya mafundi wa programu huria, nayo hufanana na mgomo kwa kuwa mara nyingi haihitaji kutumika. Kiongozi akijua kwamba watu wake wanaweza kuchukua kazi yote na kwenda kuanza upya ng'ambo ya pili ya barabara, husikiliza. Lakini kama mgomo, ina gharama. Makundi mawili hufanya kazi ile ile mara mbili. Watumiaji huchanganyikiwa wasijue wafuate lipi. Rafiki za jana huwa hawasalimiani. Tena silaha hii ni ya mwenye nguvu za kuibeba: programu yenye mamilioni ya mistari haiwezi kutunzwa na watu wawili waliokasirika. Kwa hiyo mafundi wengi, baada ya kuona migawanyiko ya namna hii, walikuja kutambua kwamba leseni haitoshi. Leseni hukupa mlango wa kutokea. Haikuambii muishi vipi mkiwa ndani.

MZEE AKING'ATUKA

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumwachia mwanzilishi aamue. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na mpaka leo neno lake ndilo la mwisho juu ya kinachoingia katika kiini cha Linux, ingawa chini yake wako wasimamizi wengi, kila mmoja na sehemu yake. Python, lugha ya kuandikia programu ambayo hutumika kote ulimwenguni, ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Wenzake walimpa cheo cha mzaha, "dikteta mwema wa maisha". Mzaha ulikuwa wa kweli. Mtu aliandika pendekezo, watu wakabishana, kisha Guido akasema ndiyo au hapana, na mambo yakaisha hapo.

Ikaenda hivyo kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 2018 likaja pendekezo la kuongeza alama moja ndogo katika lugha hiyo, nukta pacha na alama ya sawasawa zikiandikwa pamoja. Guido alilikubali. Ubishi uliotokea ulikuwa mkubwa kuliko alama yenyewe. Tarehe 12 Julai 2018 aliwaandikia wenzake kwamba amechoka kupigania jambo huku watu wengi wakiudharau uamuzi wake, kwamba anajiondoa katika uongozi, na kwamba hatamtaja mrithi. Watafute wenyewe namna ya kujitawala.

Sasa fikirini shida yao. Ili kuchagua katiba walihitaji kupiga kura. Ili kupiga kura walihitaji kanuni za kura. Na kanuni hizo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzitunga, kwani mwenye mamlaka ndiye aliyekwenda zake. Ilichukua miezi. Yaliandikwa mapendekezo saba ya namna ya utawala: mengine yalitaka kiongozi mmoja tena, mengine baraza, mengine utawala usio na kiongozi. Desemba 2018 walipiga kura, likashinda pendekezo la baraza la watu 5, wanaochaguliwa upya kila toleo kubwa la Python linapotoka, na ambao wanaweza kuondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani ya theluthi mbili. Baraza la kwanza lilichaguliwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Mmoja wa wajumbe wake watano alikuwa Guido mwenyewe. Mfalme wa jana akawa mjumbe, mwenye kura moja kama wenzake.

Katika kanuni za baraza hilo imo moja ambayo tungependa kila kiongozi wa tawi aisome mara mbili. Katika wajumbe 5, wasizidi 2 walioajiriwa na mwajiri mmoja.

Kwa nini? Kwa sababu si kweli kwamba programu huria huandikwa na watu wa kujitolea tu usiku baada ya kazi. Wako hao, tena wengi. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya Linux, kwa mfano, hufanywa na mafundi walioajiriwa na kampuni kubwa na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo, kwa maana kampuni hizo zenyewe hutegemea programu hizo. Hakuna ubaya katika mtu kulipwa. Ubaya unaweza kuingia kwa mlango mwingine. Katika miradi mingi kuna desturi isemayo kwamba anayefanya kazi ndiye anayeamua. Inasikika kama haki yenyewe, na sisi tuliochoshwa na wanaotoa amri bila kushika jembe tungeipigia makofi upesi. Lakini ngoja kwanza. Nani mwenye nafasi ya kufanya kazi hiyo? Kijana anayelipwa kwa saa 8 kila siku kuandika programu hiyo hiyo ataifanya zaidi kuliko mama anayeishika saa moja usiku watoto wakishalala. Mwaka ukipita, kijana ana ufunguo wa ghala, mama hana. Hakuna aliyemnyima, wala hakuna aliyenunua kura. Kilichonunuliwa ni muda wa watu, na muda umegeuka kuwa mamlaka. Kanuni ile ya wajumbe wawili haiondoi jambo hili, lakini inaliwekea mpaka.

WATU 1,000 NA KATIBA MOJA

Kwa maoni yetu mfano wa kusomwa kwa makini kuliko yote ni Debian. Debian ni mkusanyiko wa maelfu ya programu huria zilizopangwa pamoja ili mtu akiiweka katika kompyuta yake aweze kufanya kazi. Ilianzishwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Kwa miaka ya mwanzo iliongozwa na mtu mmoja kama kawaida. Mwaka 1998 wanachama walipitisha katiba. Leo wanachama wenye kura ni karibu 1,000, wametawanyika katika nchi nyingi, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso.

Kiongozi wa mradi huchaguliwa kila mwaka. Anaweza kuwateua watu kushika kazi fulani, lakini mteule akishatoa uamuzi katika kazi aliyopewa, kiongozi hana ruhusa ya kuutangua. Juu ya ubishi wa kiufundi iko kamati ya ufundi yenye watu wasiozidi 8. Na juu ya wote hao wako wanachama, ambao kwa azimio la jumla wanaweza kuubatilisha uamuzi wa kiongozi au wa kamati.

Katiba yao ina kifungu ambacho katika kiwanda kisingewezekana: hakuna mtu anayelazimishwa na katiba hii kufanya kazi yoyote. Usiyetaka, usifanye. Ila usifanye hila ya kuyahujumu maamuzi yaliyopitishwa kihalali. Kwa hiyo kiongozi wa Debian hana mjeledi wala mshahara wa kukata. Anacho kinywa chake tu cha kuwashawishi watu. Si ajabu kwamba mwaka 2019, muda wa kupendekeza majina ulipokwisha, hakuwa amejitokeza mgombea hata mmoja. Katiba ilikuwa imeliona jambo hilo kabla: muda huongezwa kwa juma moja. Katika juma hilo wagombea wakapatikana, na Sam Hartman akachaguliwa. Chama ambacho katiba yake haikutazamia siku ambayo watu wote watakataa cheo kingekwama hapo.

Akidi yao nayo imepigiwa hesabu. Huchukua idadi ya wanachama, wakatafuta kipeuo chake cha pili, wakakigawa kwa mbili, kisha wakazidisha kwa tatu. Wanachama wakiwa 1,000, jawabu ni 47 na kitu, yaani pendekezo halipiti mpaka watu wapatao 48 waliweke juu ya lile chaguo la kukataa yote. Idadi hiyo ni ndogo, na mtu anaweza kuilalamikia. Lakini wanajua kwamba akidi ya nusu ya wanachama, katika chama cha watu waliotawanyika, humpa mtu asiyehudhuria nguvu ya kuua kila jambo kwa kukaa nyumbani.

Tunataka kukaa kidogo juu ya namna yao ya kupiga kura, kwa sababu tawi lolote linaweza kuijaribu kwa karatasi na kalamu. Mpiga kura haandiki jina moja. Huyapanga machaguo yote, la kwanza, la pili, la tatu. Na katika kila karatasi kuna chaguo moja la ziada lisemalo kwamba hakuna lifaalo katika haya.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tawi la wanachama 60 lina fedha za kufanya jambo moja: kununua lori, kujenga zahanati, au kuchimba kisima. Watu 24 wanasema lori kwanza, kisima pili, zahanati mwisho. Watu 20 wanasema zahanati kwanza, kisima pili, lori mwisho. Watu 16 wanasema kisima kwanza, zahanati pili, lori mwisho. Kwa kuhesabu kwa desturi yetu, lori limeshinda kwa kura 24, watu wanaimba, mkutano unafungwa. Lakini watu 36 kati ya 60 wameliweka lori mwisho kabisa!

Debian huhesabu kwa kushindanisha machaguo mawili mawili. Kisima na lori: wanaokipenda kisima kuliko lori ni 20 na 16, jumla 36, wanaopenda lori zaidi ni 24. Kisima kimeshinda. Kisima na zahanati: wanaokipenda kisima zaidi ni 24 na 16, jumla 40, wa zahanati ni 20. Kisima kimeshinda tena. Basi kisima kinachimbwa, ingawa kwa hesabu ya kwanza kilikuwa na kura chache kuliko vyote. Hutokea mara chache machaguo yakazungukana, hiki kikakishinda kile, kile kikashinda cha tatu, na cha tatu kikashinda cha kwanza. Kwa hali hiyo wana kanuni ya ziada, waliyoianza mwaka 2003, ya kuukata mduara pale ulipo dhaifu zaidi. Hatutaingia huko leo.

Je, katiba nzuri huondoa ugomvi? Hata kidogo. Mwaka 2014 kamati ya ufundi ilitakiwa kuamua ni programu gani itakayoanzisha nyingine zote kompyuta inapowashwa. Aliye nje ataona ni jambo dogo. Kwa mafundi lilikuwa kama kuamua nani ashike swichi kubwa ya kiwanda. Wajumbe 8 wa kamati wakagawanyika, wanne huku na wanne kule, na mwezi wa Februari kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua, ikachaguliwa programu iitwayo systemd. Uamuzi wa halali, lakini uamuzi wa kura ya turufu huacha uchungu. Wanachama wakaleta azimio, na Novemba 2014 wote wakapiga kura. Lililoshinda ni chaguo lisemalo kwamba azimio la jumla halihitajiki, yaani mambo yaendelee kwa njia za kawaida. Wengine hawakuridhika, wakajitenga mwezi huo huo na kuanzisha mkusanyiko wao, Devuan. Hata hivyo Debian haikuvunjika. Walioshindwa waliobaki walijua wameshindwa wapi, kwa kanuni gani, na wangeweza kuleta hoja tena kwa njia ipi.

Kuna jambo jingine ambalo lilituvutia kwa sababu nasi tunalibishania. Katika uchaguzi wa kiongozi, kura za Debian ni za siri. Lakini katika maazimio, kwa miaka mingi kura zilitangazwa kwa majina: fulani alipanga hivi, fulani vile. Ilikuwa kwa nia njema, ili kila mtu aweze kuhesabu upya. Mwaka 2021 walipiga kura juu ya jambo lililowasha hasira nyingi hata nje ya Debian, nalo ni kama watoe tamko la kumlaani mtu mmoja mashuhuri wa chama kingine. Wakaamua wasitoe tamko lolote. Lakini watu wengi waliogopa kwamba majina yao yatawaletea chuki, na Machi 2022 wakaibadilisha katiba, majina yafichwe. Ukaguzi haukupotea. Mpiga kura hupata alama ya siri, na orodha ya matokeo huonyesha alama badala ya majina, hivyo kila mmoja huweza kuitafuta kura yake na kuhakikisha imehesabiwa kama alivyoipiga. Sisi tunaopiga kura kwa kunyoosha mikono huku nyapara amesimama mlangoni tuna la kuwaza hapo.

PASIPO NA KAMATI

Msidhani kwamba programu zote huria zina mabaraza na katiba. Zilizo nyingi hazina chochote. Zina mtu mmoja.

Iko programu moja ndogo iitwayo xz. Kazi yake ni kushindilia mafaili ya kompyuta yachukue nafasi ndogo, na imo katika mikusanyiko karibu yote ya Linux, Debian nayo imo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na fundi mmoja wa Finland, bila malipo, kwa muda wake wa ziada. Mwaka 2021 akatokea mtu anayejiita Jia Tan, akaanza kumsaidia kidogo kidogo. Mwaka 2022 wakatokea wengine wenye majina yasiyojulikana, wakimlaumu yule mzee wa kazi kwamba anachelewa na kumshinikiza amwachie mwingine. Naye alikwisha sema kwamba nguvu zimempungua. Hatimaye Jia Tan akapewa ufunguo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 akapenyeza ndani ya programu maandishi ya kufungua mlango wa siri, ambao ungemruhusu mwenye kuujua aingie katika kompyuta za watu wengine mbali kabisa.

Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, fundi wa kampuni ya Microsoft, ambaye hakuwa akitafuta mwizi. Aliona tu kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona, na toleo lile likaondolewa upesi kabla halijasambaa kwa watu wengi.

Angalieni vizuri jinsi ilivyofanyika. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mtu alikaa zaidi ya miaka miwili akifanya kazi safi, akangoja mpaka ufunguo ukawekwa mkononi mwake na mtu aliyechoka, aliyekuwa peke yake. Kampuni tajiri zilikuwa zikiitumia xz kila siku. Kumpa yule fundi msaidizi wa kumwaminia hakuna aliyekumbuka.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA TAWINI

Katika tawi lenu, nani anashika mhuri, nani anashika kitabu cha benki, na jina la tawi limeandikishwa kwa nani? Kama wanachama wote wakiamua jambo leo jioni na watu hao watatu wakakataa, itakuwaje kesho asubuhi?

Chukueni uamuzi mmoja wa mwaka uliopita uliopitishwa kwa kunyoosha mikono, na ambao machaguo yalikuwa matatu au zaidi. Rudieni kura hiyo kwa karatasi, kwa kupanga, kisha hesabuni mawili mawili kama tulivyoonyesha. Je, jawabu ni lile lile? Na wakati wa kuhesabu karatasi, mlangoni alisimama nani?

Mwisho, mtazameni mtunza hazina wenu, au yeyote anayefanya ile kazi ambayo wengine hawaijui. Likizo yake ya mwisho ilikuwa lini? Siku ile hakuja, nani aliijaza leja?